Utakula na Nani?

Katika fomu ya kuomba masomo ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kuna sehemu inayomuuliza mwombaji angependa kuwa katika koleji gani. Anaweza kutaja mbili, ya kwanza na ya pili, au aseme hana chaguo, na Chuo kitamtafutia. Kwa kijana wa miaka 23 huenda hilo ni jambo la dakika tano. Mimi nilikuwa na miaka 48, mjane, mkufunzi wa chuo cha ualimu mkoani Tanga, na sehemu hiyo ilikaa wazi kwa wiki sita.

Nieleze kwanza koleji ni kitu gani, maana hata mimi nilidhani ni jina jingine la kitivo. Cambridge ina koleji 31. Ya zamani kuliko zote, Peterhouse, ilianzishwa mwaka 1284. Ukiwa mwanafunzi wa uzamili, wanaokufundisha ni watu wa kitivo, kazi zako husahihishwa na kitivo, na shahada hutolewa na Chuo Kikuu. Koleji haikufundishi. Koleji ni mahali unapolala na kula, na ndiko aliko mlezi utakayemwendea ukiugua au ukifiwa. Aliyesoma shule ya bweni ataelewa nikisema kwamba ni bweni lenye jiko lake, maktaba yake, mali yake, wazee wake, na mara nyingi kanisa lake. Hakuna mwanafunzi asiye na koleji. Kwa hiyo swali lile la fomu halikuwa swali la masomo. Lilikuwa swali la makazi, na wewe ndugu msomaji unajua kwamba Maandiko yana mengi ya kusema juu ya mtu anayechagua mahali pa kukaa.

Watu waliniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kejeli, mtu wa umri wangu anatafuta nini darasani. Jibu langu lilikuwa la hesabu. Mtumishi wa umma hapa kwetu hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Nikienda na kurudi nikiwa na 49, nitakuwa bado na miaka 11 ya kuwafundisha walimu wa madarasa ya chini namna ya kumfundisha mtoto kusoma, kazi ambayo nilikuwa nimeifanya kwa miaka 19 kwa madaftari yaleyale. Miaka 11 si kidogo. Kuna watu wengi ambao huduma yao yote haikufika hapo.

Hesabu iliyokuwa ngumu ni ya binti yangu. Ni kitinda mimba, wakati huo alikuwa anaingia darasa la sita. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uingereza imezuia wanafunzi wengi wa kigeni wa uzamili kwenda na watoto au mume. Wanaoruhusiwa ni wale wa shahada za utafiti na wachache wengine. Mimi sikuwa miongoni mwao. Masomo yangu yalikuwa ya miezi kumi, na ufadhili wangu ulihesabiwa kwa mtu mmoja. Binti atakaa Muheza kwa mama yangu na dada yangu mkubwa, nami nitarudi kabla ya mtihani wake wa darasa la saba. Tuliliombea jambo hilo, tukalia, tukakubaliana. Nilipoketi tena mbele ya fomu nilikuwa nachagua mahali ambapo mama wa mtoto ataishi bila mtoto wake, nazo picha za koleji hazisemi lolote kuhusu hilo. Zinaonyesha nyasi na mto.

Padre wetu ndiye aliyekuwa na jibu la haraka. Sisi Waanglikana wa Muheza ni watoto wa UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, na Magila haiko mbali nasi. Padre anaijua historia hiyo kama wengine wanavyoijua ligi ya mpira. Alinikumbusha kwamba misheni ile chanzo chake ni hotuba za David Livingstone za mwaka 1857, na kwamba tarehe 4 Desemba mwaka huo alisimama ndani ya Senate House, jengo la Chuo palepale Cambridge, akawaita vijana wao waje Afrika. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikuwa mtu wa hesabu na mwalimu katika koleji iitwayo Gonville and Caius. Alikufa kwa homa mwezi Januari 1862 kando ya mto Shire, huko iliko Malawi leo, kabla hajatimiza miaka miwili kazini.

“Mwalimu,” Padre aliniambia, “jaza Kaiusi. Ni ya mwaka 1348, ina kanisa ndani, na ndiyo iliyotutolea askofu. Ukikaa pale ni kama mbegu imerudi shambani.”

(Baadaye nilijifunza kwamba jina hilo hutamkwa “kiiz”. Sikumwambia. Kaiusi ni jina zuri zaidi.)

Nisingeweza kulipuuza neno lake. Babu yangu mzaa baba alifundishwa kusoma na watu wa misheni ile, na kama asingejua kusoma, nisingekuwa na fomu ya kujaza. Isitoshe, Padre alikuwa na hofu ya kichungaji. Alikuwa amewaona watu wakienda Ulaya na imani wakarudi na vyeti. Kwake yeye koleji yenye altare ilikuwa ulinzi.

Kisha nikaenda Jumamosi moja kumsalimia mama. Nilimweleza yote, koleji 31, Mackenzie, nyasi, mto. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akauliza, “Mwanangu, huko utakula na nani?”

Inabidi nieleze kwa nini swali hilo lilinichoma. Baada ya kumzika mume wangu nilikula nikiwa nimesimama jikoni kwa karibu mwaka mzima. Niliwapakulia watoto, wakakaa, nami nikabaki kwenye sufuria. Sikuweza kuketi mezani nikatazama kile kiti. Nilikonda hadi wanafunzi wangu wakaanza kunong'ona. Mama ndiye aliyefunga safari na mkoba wake mmoja, akaja akakaa kwenye kiti cha marehemu, akasema, “Kaa tule.” Alibaki miezi minne. Sala tulikuwa nazo wakati wote huo. Sikuwahi kuacha kwenda Misa. Lakini nilichokosa, na ambacho Mungu alinitumia kwa mkono wa mama, kilikuwa mtu wa kuketi mbele yangu.

Kwa hiyo mama alikuwa anaulizia uhai wangu. Alijua mwanawe akiachwa peke yake jioni hali.

Kina mama wa jumuiya yetu walinishauri niombe ishara, kama Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Niliomba kuhusu fomu ile kila siku, lakini ishara sikuiomba, na nitasema kwa nini. Gideoni alikwisha kuambiwa la kufanya; ngozi ilikuwa kwa ajili ya woga wake. Mimi sikuwa nimeambiwa koleji yoyote. Nilikuwa na vitu vyema kadhaa mbele yangu na akili niliyopewa na Mungu.

Mahali paliponisaidia ni sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume, pale wanapotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda. Tunapenda kukumbuka kura. Tunasahau kwamba kabla ya kura walikaa wakafikiri. Waliweka sifa: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa. Kwa sifa hiyo wakabaki na majina mawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Ndipo wakaomba, ndipo wakapiga kura. Majina mawili! Nilicheka peke yangu, maana hata fomu yangu ilikuwa na nafasi mbili. Na tazama, sifa waliyoiweka haikuwa elimu wala ukoo. Walitaka mtu aliyekaa nao, akatembea nao, akala nao.

Ile sura ya 13 ya Mwanzo nayo ilinifuata. Abramu alimpa Lutu nafasi ya kuchagua, Lutu akainua macho akaona bonde la Yordani, lina maji kama bustani. Sidhani kosa lake lilikuwa kutazama. Macho tumepewa ya nini? Ila hakuuliza majirani ni akina nani. Mimi nilikuwa na picha za bustani kando ya maji kwenye simu yangu, na sikuwa nimeuliza hata mara moja.

Nikaanza kuuliza. Sitataja zote 31. Kuna koleji chache ambazo huchukua watu wazima tu au wa uzamili tu, na nyingi kati ya hizo ni changa. Darwin, ya mwaka 1964, ilikuwa ya kwanza kuanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili peke yao. Wolfson ilianza mwaka 1965, na mwanzoni iliitwa University College, hadi mwaka 1973 ilipobadilishwa jina. Hiyo ilinivutia kwa jambo moja: haina meza kuu. Sisi tunaijua meza kuu kutoka kwenye harusi na mahafali. Katika koleji za zamani ni meza ya wahadhiri, mara nyingi imeinuliwa jukwaani, nao wanafunzi hukaa chini yao. Wolfson wanakaa wote pamoja. Nilipenda sana, nikaona jinsi ilivyo karibu na yale Yakobo anayoyasema kuhusu tajiri na maskini kuonyeshwa viti katika sinagogi. Lakini iko upande mwingine wa mji, mbali na Kitivo cha Elimu, na mimi baiskeli niliiacha nikiwa darasa la saba.

Mkufunzi mwenzangu, Mkatoliki, alinisukuma niangalie St Edmund's. Ilianza mwaka 1896 kama nyumba ya mapadre wa Kikatoliki waliokuwa wakisoma Cambridge, na hadi leo kanisa lake ni la Kikatoliki. Hapo ndipo alipokaa Georges Lemaître mwaka 1923, padre wa Kibelgiji aliyekuwa amepata upadirisho mwaka huohuo, akasoma nyota chini ya Arthur Eddington, ambaye alikuwa Mkweka. Mwaka 1927 Lemaître akaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Napenda kumfikiria padre yule akitoka kusali Misa asubuhi, akaenda kwa Mkweka wake kuhesabu nyota. Ilikaa kwenye orodha yangu kwa muda mrefu.

Na kulikuwa na Hughes Hall. Hii ilianza mwaka 1885 ikiwa na wanawake 14 katika nyumba ndogo, na walikuja kujifunza ualimu. Mkuu wao wa kwanza alikuwa mwalimu pia, Elizabeth Hughes, ambaye jina lake ndilo koleji imelichukua. Chuo Kikuu kilikuwa bado hakiwapi wanawake shahada kamili. Hilo halikutokea hadi mwaka 1948. Walisoma hivyohivyo. Leo inachukua wanaume na wanawake wa kuanzia miaka 21, na kwenda Kitivo cha Elimu ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Kupitia rafiki wa dayosisi nilimpata kwa simu mama mmoja aliyewahi kukaa pale. Nilimuuliza lile swali la mama. Akafikiri kidogo, akasema, “Nilikwenda nikiwa na miaka 41, na mezani sikuwa mkubwa kuliko wote. Kulikuwa na manesi, wanasheria, na walimu wakuu wawili. Kila jioni mtu aliniuliza habari za watoto wangu.”

Hughes Hall haina kanisa.

Nililichukua hilo kwa Padre kwa sababu sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Nilimwambia, “Padre, kwa heshima yako yote, nimeweka Hughes Hall ya kwanza na Caius ya pili.” Alinyamaza. Akaniuliza nitasali wapi. Nikamwambia parokia za Kianglikana ziko mjini na Jumapili nitakwenda kama Mkristo mwingine yeyote, na kwamba sala za jioni zenye kwaya katika makanisa ya koleji, hata lile la King's, ziko wazi kwa mtu yeyote anayetaka kuingia. Altare sitaikosa. Akauliza, “Na hao utakaokula nao, ni Wakristo?” Nikasema baadhi watakuwa, baadhi hapana. Akatikisa kichwa, lakini akaitia sahihi barua yangu ya utambulisho, na akaniombea kwa sauti ndefu kuliko kawaida yake.

Kuna jambo ambalo sikumwambia kwa sababu ya adabu. Mackenzie mwenyewe hakubaki Caius. Aliondoka kwenye altare ile na meza ile, akaenda kula na watu wasiomjua.

Kitivo kilinikubali mwezi Machi, kisha Hughes Hall. Sijui ningejisikiaje kama ingekuwa ya pili. Barsaba naye nadhani aliendelea na kazi.

Sitasimulia baridi wala masomo. Wapo walioandika kuhusu hayo. Nitasimulia meza. Saa kumi na moja jioni ya kule wakati wa baridi ni saa mbili usiku ya Muheza, basi nilimpigia binti yangu kabla hajalala, tukasali pamoja kwenye simu, kisha nikashuka kula. Jioni za mwanzo nilitamani kubeba sahani nikale chumbani. Nilijua ni ile hali ya jikoni inarudi. Nilijilazimisha kuketi. Kulikuwa na mhandisi kutoka Chile aliyekuwa na wajukuu, nesi wa Kikorea, kijana wa Ghana, mtoto wa mchungaji, aliyeniita Mama tangu siku ya kwanza, na mwalimu mkuu kutoka Indonesia, Mwislamu, wa rika langu, ambaye naye aliacha watoto nyumbani. Mimi na huyo wa mwisho tulifanya mazoea ya kukaa pamoja. Kila mmoja aliomba kimoyomoyo kwa namna yake kabla ya kula, tukafungua macho karibu wakati uleule.

Mwezi Februari dada alinipigia akaniambia mama ameanguka asubuhi, mdomo umepinda, mkono wa kushoto haushiki kitu, wako hospitali. Nilitaka kurudi usiku uleule. Dada akasema, “Usije bado. Ukija sasa utakuta tunakaa kwenye benchi, na wewe utakaa kwenye benchi.” Siku hiyo sikushuka kula. Saa mbili hivi usiku mlango wangu uligongwa. Yule mwalimu mkuu alikuwa amesimama na sahani mbili zilizofunikwa. Hakujua kitu, aliona tu kiti changu kitupu. Nilimweleza. Akaketi kwenye kiti cha meza yangu ya kusomea, mimi nikakaa kitandani, akauliza jina la mama, akalirudia ili alitamke vizuri. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake, maneno ambayo maana yake haikuwa tofauti na “Kaa tule.”

Nimewahi kuulizwa na mtu mmoja kanisani kama imani yangu haikuyumba kuishi miezi kumi na watu wa kila dini na wasio na dini. Nilimjibu kwamba usiku ule Bwana alinijia na sahani mbili, na alikuwa amevaa hijabu. Hakulipenda jibu hilo. Silirudishi nyuma.

Mama alipona kwa kiasi. Anatembea kwa fimbo, na mkono wa kushoto bado mzito. Binti yangu, akiwa na miaka 12, alijifunza kumwogesha bibi yake na kumlisha uji, na hilo ni jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya na sikuwepo. Sijapata maneno ya kulipamba, wala sidhani yapo. Alifanya mtihani wake Septemba, mwezi mmoja baada ya mimi kurudi.

Mwezi Mei, kabla sijaanza kufunga mizigo, nilikwenda sala ya jioni katika kanisa la Caius. Kichochoro chembamba ndicho kinachoitenga koleji ile na Senate House ambako Livingstone alisimama. Nilikaa nyuma. Nilimwombea Charles Mackenzie, kama tunavyowaombea marehemu wetu kwa desturi ya UMCA, nikamwombea babu yangu, nikamrekodia Padre kipande cha kengele za mji kwa simu. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, wenye tarehe nyingi.

Mwaka huu mkufunzi mwingine wa chuo chetu, baba wa watoto watano, miaka 52, ameamua kuomba. Amekuja kwangu mara mbili na fomu yake. Nimemtuma kwanza kwa mke wake, na kisha kwa watu wa mezani, ambao namba zao bado ninazo. Padre amekwisha kumwambia habari za Kaiusi.